Mgeni wa Tunduma na Kicheko cha Wenyeji

Wapo watu waliosoma ambao husema kwamba Tunduma haina maisha ya jamii. Kwao mji ule wa Mkoa wa Songwe ni lango tu: malori ya shaba huingia, malori ya bidhaa hutoka, na mgeni aliyeko hana lake ila kungoja mhuri. Kauli hii ni nyepesi, tena ina madhara. Ni nyepesi kwa sababu mtu akaaye mahali, hata kwa juma moja, hana budi kununua chakula, kusalimu, kuumwa na kufarijiwa. Ina madhara kwa sababu huwapa wenyeji udhuru wa kutomjua.

Mgeni mwenyewe ni nani? Wa kwanza ni Mnyamwanga wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Huyu amefanywa mgeni kwa karatasi. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliigawa nchi ya wazee wake bila ya kuwauliza; naye hata leo huvuka asubuhi kwenda sokoni, na jioni kwenda msibani kwa shangazi yake. Wa pili ni dereva wa Lubumbashi. Huyu ni mgeni kwa nchi, lakini si mgeni kwa lugha. Kiswahili kilifika Katanga kwa misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakua katika kambi za wachimba shaba, na leo ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo. Wa tatu ni mtaalamu aliyetoka mbali, mwenye mkataba, gari na nyumba iliyozungushiwa ukuta.

Sasa na itazamwe mizani ya wenyeji. Mtaalamu akikaa miaka mitatu asijue kuuliza bei ya chumvi, husifiwa kwa "Jambo" yake moja, na jirani hujikaza kumjibu kwa Kiingereza. Dereva akisema "bantu" badala ya "watu", au "mtoto yangu" badala ya "mtoto wangu", mgahawa mzima huangua kicheko. Asiye na neno hupewa kiti. Mwenye lugha hupewa fedheha. Je, hiyo ni heshima ya lugha, au ni heshima ya mfuko?

Mtetezi wa sarufi atajibu kwamba lugha isiyolindwa huharibika. Ni kweli; na mahali pa ulinzi huo ni darasani na kitabuni. Mezani pa mama lishe kazi ya lugha si kutahini watu, bali kuwakaribisha. Mtu aliyechekwa mara tatu hunyamaza, akinyamaza hujitenga, akijitenga huitwa mwenye kiburi, na siku ya homa hapana jirani ajuaye jina lake. Ugeni wa namna hiyo haukuletwa na mpaka. Umejengwa kwa vinywa.

Wala mgeni hana ruhusa ya uvivu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mjini ni salamu, ni kuwaamkia wakubwa, ni kuchangia msiba wa mtaa. Mtaalamu wa ukutani hastahili kusamehewa jembe hilo kwa sababu ya gari lake. Lakini nani ataweza kulima kwa jembe lililong'olewa mpini? Amchekaye mgeni akijaribu kusema ndiye aung'oaye.

Mwaka 2019 ulileta mambo mawili makubwa. Mwezi wa Agosti Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwezi wa Oktoba marais wa Tanzania na Zambia walikizindua kituo cha huduma za pamoja katika mpaka wa Tunduma na Nakonde. Wasomi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Walakini hakuna azimio liwezalo kumpa mtu jirani, wala ofisi iwezayo kumwamkia asubuhi. Wale wanaotamani Kiswahili kivuke Zambezi na waanze kwa jambo dogo lisilohitaji mkutano: kumsikiliza dereva wa Lubumbashi, bila ya kicheko, mpaka mwisho wa maneno yake.