Nyumba na Kiunga: Limepevuka, au Limeiva?



Mwezi wa Aprili, miaka miwili iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, ndugu mmoja wa hapa Sharpstown alinifuata akaniambia, "Bwana, ile mitufaha yako miwili imezaa vizuri. Nikatie bei niyachukue yote." Alikuwa na akika ya mjukuu wake mwezi wa Juni. Tukapatana dola 40, akanilipa papo hapo, na matunda yenyewe wakati huo hayajazidi ukubwa wa ndimu. Mwezi wa Mei ukavuma upepo usiku mmoja, na kulipokucha nusu ya matunda yako chini, mabichi na makali. Nikamrudishia fedha zake, akakataa: amekwisha kununua, na hasara ni yake. Nami nikakataa kuzila. Zikakaa katika bahasha juu ya kabati, na maamkizi yetu msikitini yakaanza kuwa mafupi.

Aliyetuamua ni maalim wa madrasa. Alitukumbusha hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mtini mpaka wema wake udhihirike, na katazo hilo linamhusu muuzaji na mnunuzi pia. Katika mapokezi ya Anas bin Malik alama iliyotajwa ni tunda kuwa jekundu au la manjano, na sababu nayo imetajwa: Mwenyezi Mungu akilizuia tunda lile, muuzaji atakuwa amekula mali ya nduguye kwa haki gani? Katika madhehebu yetu ya Shafii mauzo ya namna ile hayasihi, ila kwa sharti la kuyachuma matunda pale pale, kama anunuavyo mtu maembe mabichi ya achari. Kwa hiyo mauzo hayakuwapo tangu mwanzo. Ndugu yangu akaichukua bahasha yake. Kisha maalim akanigeukia mimi: "Na hayo yaliyobaki mtini, yataiva lini?" Nikanyamaza. Miaka minne nimeishi na miti ile, nisijue.

Mimi ni mtoto wa pwani. Nazi naijua kwa majina yake yote: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Embe nalijua kwa mabega yake. Lugha yetu imekwisha kutufunza kwamba kupevuka si kuiva: embe lililopevuka, ingawa ni la kijani, ukilivundika huiva, na lililo changa hunyauka tu. Tufaha lina tabia iyo hiyo, ila alama zake hatukulelewa nazo. Hata jina lake kwetu twampa pia mwenziwe, lile tofaa la Unguja, jekundu, laini, lenye maji na kokwa moja kubwa; naye huyo si ndugu wa tufaha hili.

Tena baridi ya Houston ni haba. Mitufaha mingi ya kaskazini hutaka saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi kabla ya kuchanua vizuri. Hapa hupandwa Anna na Dorsett Golden, ambao saa 300 au pungufu huwatosha, na hupandwa pamoja kwa sababu kila mmoja humchavusha mwenziwe. Mavuno yao ni Juni na mapema Julai, wakati kule kaskazini huanza Agosti mpaka Oktoba. Kwa hiyo kalenda ya watu wa kaskazini haitufai.

Wekundu ndio uliotuhadaa nyumbani. Anna hupata haya usoni upande wa jua tangu angali mchanga. Watoto wakaona rangi, wakachuma, wakatema. Tazama upande wa kivulini, na pale karibu na kikonyo: kijani kikigeuka kikawa na umanjano, ndiyo dalili. Dorsett Golden, aliyetoka visiwa vya Bahamas, huiva kwa manjano. Huenda akapata wekundu kidogo, huenda asipate kabisa. Mwaka 2024 nilikuwa ningali nangoja wekundu wake kimbunga Beryl kilipopita hapa tarehe 8 Julai. Sikuchuma hata moja.

Kisha lipakate tunda kiganjani, uliinue na kulipindua juu kidogo. Lililo tayari huachana na tawi bila ya ugomvi. Ukilivuta kwa nguvu utang'oa na kile kijitawi kitakachozaa mwakani. Mbegu nazo huwa za kahawia, lakini kwa matufaha haya ya mapema usizitegemee mno. Na la kwanza kuanguka si hoja. Aghalabu lina funza.

Mwenye shaka akate tunda moja kwa upana, alipake iodini ya kutia vidondani. Penye wanga hugeuka peusi, na wanga ni sukari ambayo bado haijawa. Tunda bichi huwa jeusi lote. Liivalo huanza kuwa jeupe katikati, weupe ukaenea kuelekea kwenye ganda. Kipande hicho kitupwe, kisiliwe, na watoto waambiwe mapema.

Mlio katika nyumba za kupanga msinune: tufaha la dukani mwezi wa Mei aghalabu ni la vuli iliyopita, lililohifadhiwa katika vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni. Lakini litieni katika mfuko pamoja na ndizi mbichi, nalo litawavundikieni kwa ile gesi yake ya ethilini.

Mwaka uliofuata, katikati ya Juni, nilikata tufaha moja la Anna, nikaona duara jeupe katikati. Maalim alikuwa amekwisha kunieleza kwamba wema ukidhihiri hata katika tunda moja, yatosha kwa wenziwe wa jinsi ile katika kiunga kile. Nikampigia simu ndugu yangu. Akaja na makapu mawili, akauzunguka mti, akaonja, akasema mwaka huu matunda ni machache, atatoa dola 30.