Kusema «sina» si aibu



Kuko kamarade mmoja aliacha kuja kwenye mikutano yetu. Wiki ya kwanza tulisema ni mgonjwa. Wiki ya tatu wengine wakaanza kusema amenunuliwa. Miezi miwili ikapita, ndipo tukajua ukweli: alikosa franka za moto kutoka Ndosho, na mchango wa kila mwezi ulikuwa unamshinda. Ana diplome ya chuo kikuu kama sisi, na kama sisi hana kazi. Aliona afadhali tumwite msaliti kuliko tujue kwamba hana kitu.

Tunamuomba msamaha hapa mbele ya wote. Sisi tunaoandika kwenye bango «Makuta ya raia iko wapi?» hatukuweza kuulizana sisi kwa sisi: «Ndugu, uko na nini mfukoni?»

Kwetu makuta inasemwa kwa kuzunguka. Familia mbili zinabishana siku nzima juu ya mahari, lakini hakuna anayeuliza wale wawili watalipa nyumba na nini. Mtoto anafukuzwa shuleni juu ya minervali, baba anasema «kesho», na wote wanajua hakuna kesho.

Woga huu uko na mizizi. Wazazi wetu waliona Bindo ya Kinshasa ikianguka mwaka 1991 na akiba za watu. Mwaka 1993, zaïre 3 000 000 za zamani zikawa zaïre mpya moja. Mwaka 1998 ikaingia franka, moja kwa zaïre mpya 100 000. Aliyeona hayo alijifunza kuficha na kunyamaza. Na sisi, tangu M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025 na banki zikafunga milango, tumejifunza vilevile: mwenye nacho anaficha, asiye nacho anaficha pia.

Ndiyo maana watano kati yetu wanatengeneza programu ndogo ya simu. Si ya kutuma makuta; M-Pesa na Airtel Money ziko. Si ya kukopesha. Ni ya kusaidia watu waongee.

Tulianza bila simu. Tulichora ekrani kwenye vipande vya karatoni, tukazipeleka kwa wamama wa likelemba moja huko Birere. Ekrani ya kwanza iliuliza: «Unapata ngapi kwa mwezi?» Mama mmoja aliweka karatoni chini. «Mwanangu, hata mume wangu hajui. Na mimi sina mwezi, niko na leo.» Tukafuta. Sasa swali la kwanza ni: «Leo unataka kuongea na nani?» Bibi yako, mwenye nyumba, rafiki anayekudai, kundi la likelemba. Kisha unasikia, kwa sauti na kwa Kiswahili chetu, maneno ya kuanzia: «Deni yako sijaisahau. Leo niko na nusu. Iliyobaki tuipange pamoja.»

Wamama walitufundisha jambo lingine: simu ya nyumbani ni ya wote. Kwa hiyo programu haiombi jina, haiweki hesabu, inafanya kazi bila intaneti. Liste ambayo haiko, hakuna mtu wa barriere atakayeikamata.

Wengine watatuambia: maneno hayajazi sufuria. Ni kweli. Ukosefu wa kazi hautaisha juu ya simu, na hatutaacha kudai kazi. Lakini tuwaze kidogo. Asiyeweza kumwambia mshika-sanduku wa likelemba «tuonyeshe kitabu», atamuuliza nani juu ya taxe anayolipa sokoni kila siku? Haya yetu ndiyo blanketi ya wezi. Wale wamama wanahesabu noti mbele ya macho ya wote, kila juma, bila kugombana. Serikali ingefanya hivyo, tungekuwa tumelala nyumbani.

Basi tunaanza kwetu. Kuanzia mwezi huu, asiyeweza kutoa mchango atasema «siwezi», na hakuna atakayemuuliza kwa nini. Na kitabu cha sanduku letu kitasomwa kwa sauti kila mkutano: kilichoingia, kilichotoka, na nani alikishika.

Wewe unayesoma, juma hili chagua mtu mmoja. Yule unayemkwepa njiani juu ya deni, au yule anayekukwepa. Anza wewe.

Kamarade wetu alirudi Jumamosi iliyopita. Maneno ya ekrani ya «siwezi mwezi huu», ni yeye aliyeyaandika, kwa sababu kati yetu wote ndiye aliyejua namna yanavyouma.

Tuonane mkutanoni. Kama huna franka za moto, sema tu. Tutakuja kukuchukua, tutembee pamoja kwa miguu.