Ghala la picha likijaa

Rafiki yangu mwenye studio mjini Bungoma ana kasha la diski mbili pacha, linalotunza picha za arusi kutoka kompyuta zake zote. Limezeeka, tena limejaa. Je, alitupe? La!

Kwanza ahakikishe linakubali diski kubwa, kisha anakili picha zote kwenye diski ya kando. Ndipo abadilishe diski moja, angoje saa nyingi hadi mpya inakili yote, kabla ya kugusa ya pili. Ya terabaiti 2 ikiwa na ya 4, nafasi hubaki 2 tu.

Wakati huo wa kungoja, diski kuukuu husimama peke yake. Ikifa, nakala ya kando ndiyo itakayomwokoa. Arusi hairudiwi kwa sababu ya picha!