Baridi ya Sumbawanga haipozi kompyuta!

Msomaji wangu, kuna maneno nimeyachoka. Pita hapa Katandala, ingia kwenye vibanda vya fotokopi na kuchapa barua, mwambie mtu kompyuta yake inazimika kwa sababu ya joto. Atakucheka mpaka machozi. "Joto? Sumbawanga hii? Kwani hapa Dar?" Halafu anafunga zipu ya jaketi mpaka shingoni na kuendelea kulaumu virusi.

Asikudanganye mtu. Prosesa haiulizi nje kuna baridi kiasi gani. Joto lake inalitengeneza yenyewe, humo humo ndani. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani, hizi za ofisini tunazoletewa mtumba, zikishikiwa kazi kweli kweli zinakula umeme wa wati 65 hivi, na karibu wote unageuka kuwa joto. Unaikumbuka ile taa ya zamani ya wati 60? Nani aliweza kuishika ikiwa inawaka? Sasa chukua moto wa taa ile uubane kwenye kipande kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba, halafu niambie tena habari za baridi ya Julai.

Kinachoiokoa prosesa ni hewa inayotembea. Juu yake pamewekwa kipande cha aluminiamu chenye mapezi mengi, mafundi wanakiita hitisinki, na juu ya mapezi kuna feni. Joto linapanda kwenye mapezi, feni inalipeperusha, linatoka nje. Hewa ikigoma kupita, hata ukiiweka kompyuta juu ya milima ya Lyambalyamfipa itaungua tu.

Na hapo Wafipa hamkupaswa kufundishwa na mtu! Wazee wenu walikuwa wafua chuma wa kuogopwa. Walijenga matanuru marefu kuliko mtu, ilungu, kwa udongo wa kichuguu, na masalia yake bado yanaonekana huku na huko Ufipa. Ilungu lilikuwa halivukutwi. Hewa baridi iliingia kwa mirija ya chini, moto ukapanda juu kama kwenye bomba la moshi, ukaivuta hewa nyingine nyuma yake. Ukiziba matundu ya chini, kazi imekwisha. Kile kitanuru kidogo cha kusafishia chuma, kintengwe, ndicho kilichohitaji mivukuto. Wenyewe walitaka joto libaki ndani, sisi tunataka litoke, lakini hewa ni ile ile: inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Boksi la kompyuta ni ilungu lenye feni. Sasa wajukuu wa watu hao ndio wanaosukumiza boksi ukutani mpaka feni ya nyuma inapumulia kwenye tofali! Hapo ndipo ninapochoka.

Tena kuna jambo watu hawalijui. Mji wetu uko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Dar. Mama wa nyumbani analijua hilo bila kuambiwa, maana maharage yake hayaivi upesi, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa kompyuta maana yake ni hii: kila mzunguko wa feni unabeba hewa kidogo zaidi, na joto kidogo zaidi. Kwa hiyo baridi inatusaidia kwa mkono huu, wepesi wa hewa unatunyang'anya kwa mkono ule.

Halafu vumbi. Kiangazi cha huku mnakijua, upepo ukivuma pale karibu na barabara unakula mchanga bila kuagiza. Ongeza jiko la mkaa ambalo watu wanaingiza dukani wapate kuota moto. (Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua watu, achilia mbali kompyuta. Litoeni nje.) Majivu yale mepesi yanavutwa na feni na kushindiliwa kwenye mapezi.

Kuna mama mmoja jirani yangu, mjane, anasomesha watoto kwa kompyuta moja ya mtumba na printa moja. Ule msimu wa vijana kuomba mkopo wa chuo, ambao ndio msimu wake wa mavuno, mashine ikaanza visa. Dakika kumi, pu, imezima. Kijana yuko katikati ya fomu, amejaza mpaka jina la babu, giza! Wateja wakahamia kibanda cha pili. Fundi mmoja akaja, akatazama kwa dakika mbili, akasema mazabodi imekufa, tafuta laki nne ununue nyingine. Mama akaanza kuulizia bei ya cherehani yake.

Nikapita jioni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, ingia uone msiba." Nikaikuta kompyuta imevalishwa kitambaa cha kufuma, maua pande zote, kama mwali anayesubiri kutolewa. Inawaka, na imefunikwa! "Mama, hiki kitambaa?" "Si cha kuzuia vumbi, mwanangu?" Tukachomoa waya, tukafungua ubavu. Msomaji, kati ya feni na mapezi palikuwa na blanketi. Sisemi vumbi, nasema blanketi, unalinyanyua kwa vidole linatoka zima.

Tulilinyanyua, tukasugua mapezi kwa brashi mpya ya rangi, nje uani. Hitisinki ilipotoka, ile pesti ya katikati ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Pesti kazi yake ni kuziba vinafasi kati ya prosesa na chuma, joto livuke bila kurukaruka. Tukafuta ya zamani kwa spiriti, tukaweka mpya kiasi cha punje ya choroko, katikati, basi. Siyo kupaka kama siagi kwenye mkate wa harusi! Na wale mafundi wanaoweka dawa ya meno, nawajua, acheni. Inapoza leo, baada ya muda mfupi inakauka, mteja anarudi analia.

Kuna mtego mmoja wakati wa kurudisha. Hitisinki nyingi za Intel zina miguu minne ya plastiki, kila mmoja lazima ulie "ta!" Mguu mmoja ukining'inia, upande mmoja unainuka na kazi yote bure. Na wakati wa kupuliza vumbi kwa blowa, shikilia feni kwa kidole isizunguke, maana ikikimbizwa kupita kiasi inaharibika.

Ile mashine iliwaka saa mbili usiku ikakesha. Mazabodi ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inajizima kwa akili zake, kujiokoa. Zamani hazikuwa na akili hiyo zote. Mwaka 2001 jamaa wa Tom's Hardware walionyesha video wakizivua prosesa hitisinki zikiwa kazini: Pentium 4 ikapunguza mwendo ikaendelea taratibu, Athlon ya AMD ikatoa moshi. Za leo zinapunguza mwendo kwanza, zikizidiwa zinazima. Kwa hiyo kompyuta ikianza uvivu wa ghafla mchana, usikimbilie virusi, pima joto. Kuna programu za bure kama Core Temp na HWMonitor. Ikikaa bila kazi, nyuzi 30 hadi 50 ni salama. Ikichapa kazi, 60 hadi 80 haina neno. Ikizoea kupita 90, fungua ubavu. Nyingi za Intel mpaka wake ni kama 100, hapo ndipo zinapojipunguza mwendo kwa lazima, na joto likizidi kupanda zinajizima.

Mama wa watu sasa ameinua boksi kutoka sakafuni, liko juu ya meza fupi, shubiri nzima kutoka ukutani, na brashi inapita kila baada ya miezi mitatu, kiangazi kila mwezi. Kitambaa cha maua kimehamia kwenye redio. Akifunga duka usiku na kompyuta imeshapoa, anaifunika kwa kanga, hilo ruksa.

Wenye laptopu mnaozitumia juu ya godoro, zamu yenu wiki ijayo.