Antivairasi pekee haitoshi

Ukiingia saiba pale Ndithini kujaza fomu ya HELB, utaambiwa usijali, kompyuta ina antivairasi. Sawa, isaidie inavyoweza. Lakini mara nyingi ni kama bawabu aliyepewa picha za wezi wa jana. Emotet ilizimwa na polisi wa nchi kadhaa Januari 2021. Novemba ikarudi na sura nyingine. Ilijificha kwenye faili ya Word, ndani ya baruapepe iliyojifanya jibu la mtu unayemjua. Ukiruhusu makro, umeifungulia mwenyewe, na humo umeacha nywila na kitambulisho cha mzazi.

Halafu ile Windows ya bure, ambayo fundi alizima apdeti zake? Bana, mwambie aziwashe kabla hujanunua antivairasi nyingine.