Chama cha Kuzikana Tunacho, cha Kuuguzana Je?

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya kuuguza, wala si ya kuugua. Kuugua twakujua sote. Lakini yule aketiye kando ya kitanda, achotaye maji, afuaye shuka usiku wa manane, ni nani amwulizaye kama amekula?

Mwaka jana shangazi yangu alilazwa katika kituo kimoja mbali na kwetu. Jina la kituo sitalitaja, maana waliokuwamo walikuwa watu wema, tena wachache mno. Usiku ule palikuwa na muuguzi mmoja kwa wodi mbili. Akatuandikia kikaratasi: glovu, pamba, maji ya dripu, sindano. Akasema, "Nendeni duka la dawa, hapa vimekwisha tangu juma lililopita." Nikaenda, nikakuta duka limefungwa. Niliporudi nilimkuta binti yake shangazi akimsafisha mama yake kwa mikono mitupu. Nikamwambia, "Dada, ngoja glovu kwanza." Akanijibu, "Nimngojeshe mama katika uchafu, kaka?"

Sikuwa na neno la kumjibu. Shangazi alipona, na binti yake hakupatwa na lo lote. Lakini ile mikono mitupu haijanitoka machoni, hasa nikikumbuka yaliyotokea Biharamulo.

Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa. Tangu Desemba 2024 watu walianza kufa huko kwa homa, kutapika na kutoka damu. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa habari kwamba lashuku ugonjwa wa Marburg. Wizara yetu ikasema vipimo havikuonyesha hivyo. Ndipo tarehe 20 Januari 2025, huko Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkuu wa Shirika hilo, Dakta Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba ugonjwa umethibitishwa. Tarehe 13 Machi ulitangazwa kuwa umekwisha. Watu 10 walihesabiwa kuupata, wawili kwa vipimo na wanane kwa dalili zao, na wote 10 walifariki.

Sasa sikilizeni, enyi mnaouguza. Ugonjwa huu hauruki hewani kama mafua. Kwanza hutoka kwa popo walao matunda, wale wakaao mapangoni. Ukishaingia kwa mtu hupita kwa damu, matapishi, kuhara na jasho, tena hata kwa maiti. Basi ni nani aushikao? Ni mama amfutaye mwanawe. Ni muuguzi achomaye sindano. Ni dada aoshaye maiti kwa heshima kama tulivyofundishwa. Ugonjwa huu humfuata mtu kwa njia ya wema wake. Ndiyo maana nausema kuwa mbaya kuliko mingine.

Vuka mto Kagera pale Rusumo uingie Rwanda. Huko ugonjwa huu huu ulitangazwa Septemba 2024, wakaugua 66, wengi wao wahudumu wa afya, wakafa 15. Najua hesabu hizi mbili hazilingani sawasawa, kwa sababu wale wanane wetu walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla ugonjwa haujajulikana. Lakini hilo lenyewe si jambo dogo! Dawa iliyothibitishwa ya Marburg haijapatikana. Lakini mgonjwa akitambuliwa mapema, akapewa maji na chumvi mwilini, akaangaliwa na watu waliovaa sawasawa, wengi huweza kupona. Wetu hawakupata nafasi hiyo.

Mtu ataniuliza, kwa nini glovu zikosekane, kitu cha bei ndogo hivyo? Wazee wa Ngara na Biharamulo wanajua kwamba huku kwetu hospitali za misheni zilitangulia, na Serikali ikazitumia kwa miaka mingi kama hospitali za wilaya. Kisha yakaja mambo ya 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule watu yapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakapiga kambi Benaco. Mashirika ya kigeni yakaja na mahema, madaktari na dawa, na wenyeji wengi nao wakatibiwa makambini. Kambi ya Lukole, ya Warundi, ilipofungwa mwaka 2008, magari yaliondoka na madaktari wake. Tulizoea kula katika sahani ya mgeni, na mgeni akaenda na sahani yake.

Mwaka 2001, katika mkutano wa Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi, na yetu ikiwamo, hazikufika huko. Na siku ile ile ya 20 Januari 2025, Rais wetu alipokuwa akitangaza habari za Marburg, Rais mpya wa Marekani, Donald Trump, alikuwa Washington akitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na nyingine ya kuitoa nchi yake katika Shirika la Afya Ulimwenguni. Sisemi alituwazia sisi. Pengine hajapata kusikia jina la Biharamulo, na hapo ndipo penye tatizo: kapu letu la dawa liko mikononi mwa mtu asiyetujua.

Kuna msamaha wa malipo kwa wajawazito, kwa watoto chini ya miaka 5, na kwa wazee wasio na uwezo. Ni sheria njema. Lakini shangazi alisamehewa malipo ya kituo. Mwenye duka la dawa hakuwa na habari ya msamaha huo.

Serikali iwajibike, hilo nalisema bila kuficha, na mwenye diwani wake amwulize. Lakini mgonjwa wa leo usiku hangoji bajeti ya Juni. Ndipo ninapokuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Hapa Murukulazo, na karibu kila kijiji nikijuacho, twavyo vyama vya kufa na kuzikana. Mtu akifa, fedha hutoka siku hiyo hiyo: sanda, ubao, chakula cha wafiwa. Mtu akiugua, kila nyumba yajitegemea. Twangoja afe ndipo tumchangie!

Jirani zetu wa kusini-magharibi ya Uganda walikuwa na vyama vya machela, waviitavyo engozi, vya kubeba wagonjwa mlimani kwenda hospitali. Mwaka 1996 hospitali ya misheni ya Kisiizi ilivitumia vyama hivyo kuwa bima ya matibabu. Kilijiunga chama, si mtu mmoja mmoja, ili wagonjwa wasijiandikishe peke yao na wazima wakabaki nje. Huku kwetu Mfuko wa Afya ya Jamii, ulipotengenezwa upya mwaka 2018, nyumba ya watu sita vijijini ilitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Wengi tulisema ni nyingi. Lakini jeneza moja ni shilingi ngapi?

Nililitoa neno hili katika mkutano wa chama chetu. Mzee mmoja akasimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Mwanangu, fedha ya sanda ikiliwa na glovu, mimi mtanizika na nini?" Watu wakacheka, naye hakucheka. Nikamjibu, "Baba, twataka tukucheleweshe kidogo." Tulibishana mpaka jua likazama. Mwishowe akina mama, ambao ndio wauguzao, wakapiga kura upande mmoja, jambo likapita: sehemu ya mchango inunue boksi la glovu, sabuni, dawa ya kuulia vijidudu, na nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Mhudumu wa afya wa kijiji alituonya vema kwamba glovu peke yake si kinga ya Marburg; mwenye homa na kutoka damu asiguswe hovyo, wala maiti yake isioshwe nyumbani, ila wataalamu waitwe, na simu ya bure ya Wizara ni 199.

Boksi lipo sasa, katika nyumba ya katibu. Limekwisha kufunguliwa mara mbili, mara moja kwa mama aliyeshikwa na uchungu njiani. Ufunguo ndio bado tunaugombania.