Nganya ya Mamilioni, Dere Amekalia Mto

Wasee, wacha niseme hii kitu bila kuzunguka: kwenye nganya nyingi za Nairobi, kiti kibovu kuliko vyote ni kile anachokalia mtu aliyebeba maisha ya wote waliomo.

Angalia pesa zinakoenda. Skrini kila upande, spika, grafiti, taa za rangi hadi chini ya siti, WiFi. Abiria ameshonewa siti ya rangi mbili na jina la gari limetariziwa mgongoni. Halafu fungua mlango wa dereva. Sponji imelala upande mmoja, reksini imepasuka, kishikio cha kusogeza kiti kimekwama, na juu yake kuna mto ambao dere ametoka nao nyumbani. Mimi hupiga video za hizi gari, na siku hizi naanzia hapo. Ukitaka kujua mwenye gari anathamini nini, usisikilize besi. Kalia kiti cha dere.

Najua jibu lenu: "Abiria ndiye analipa." Sawa, lakini abiria hashiki usukani, na akifika anashuka. Dere yuko hapo kutoka alfajiri. Sheria inasema dereva wa PSV asiendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Nenda stage yoyote uulize ni nani anahesabu.

Kwenye zile Toyota HiAce za abiria 14, injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo dere anachomwa kutoka chini mchana kutwa. Kwenye mabasi ya barabara ya Mombasa, hiyo ni karibu kilomita 480 za mtikisiko unaopanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mwili wa mtu aliyeketi huumia zaidi na mtikisiko wa juu-chini unaokuja mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Kiti kibaya kinaweza kuuongeza badala ya kuupunguza. Ulaya walilichukulia jambo hili kama sheria tangu 2002: mtikisiko wa siku ya kazi ya saa 8 ukifika kipimo cha 0.5, mwajiri lazima achukue hatua, na ukifika 1.15 ndio mwisho. Sisi tunampa dere Panadol na kumwambia ajikaze.

Hata Sheria za Michuki za 2004, ambazo naziheshimu, zilileta mikanda, sare na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mgongo wa dereva ulibaki shauri yake.

Kisha kuna hii hoja inanichoma: "Dere akistarehe sana atalala." Buda, anayelala kwenye usukani ni mtu aliyenyimwa usingizi. Maumivu hayamwamshi mtu, yanamchosha. Dere anayejigeuza kila dakika akitafuta upande usiouma, akili yake iko kiunoni, haiko barabarani. Na pikipiki haingoji amalize kujinyoosha.

Ati barabara ni mbovu, kiti kitasaidia nini? Hiyo barabara ndiyo sababu ya kununua kiti kizuri!

Sasa, kuchagua si uchawi. Gari likiwa na breki za upepo, tayari lina hewa ya kuendesha kiti cha upepo, kama vile vya ISRI au Grammer. Kama halina, kuna vya springi. Kiwe kinarekebishwa kulingana na uzito, kwa sababu dere wa kilo 60 na skwodi wa kilo 100 wanakalia kiti kimoja siku hiyo hiyo. Mwambie dere akikalie dakika 20, si mbili. Akanyage klachi hadi chini: mgongo ukiachana na kiti, hicho si chake. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, vidole viwili au vitatu vipite. Kiuno kiwe na kitu cha kukishikilia. Kitambaa kinachopitisha hewa kinashinda reksini inayong'aa. Na mkanda ufungwe kwenye kiti chenyewe, upande na ushuke nacho, usije ukamkaba. Ukinunua cha mtumba Grogan, fundi asikishike kwa bolti mbili na sala. Kiti kikingoka kwenye ajali, mkanda uliofungwa hapo hauna kazi.

Utaniambia ni ghali. Toa spika kadhaa kwenye bajeti. Hakuna abiria ameshuka kwenye nganya kwa sababu muziki ulipungua kidogo, lakini kila mwenye gari anamjua dere mzuri aliyeacha kazi kwa ajili ya mgongo, akabadilishwa na kijana anayejifunzia kwenye maisha ya watu.

Kwa hivyo wenye magari, mkizindua nganya mpya msiniite nione skrini. Niiteni nione dere ameketi vipi. Nanyi abiria, kabla ya kuuliza kama WiFi iko, chungulia mbele. Ukiona mto, jua mwenye gari alimaliza pesa kabla ya kufika kwa mtu atakayekufikisha nyumbani.